Nilifanyia mtoto birthday ya theme ya harusi, majirani wakamfungia mama yake geti

Niaje wakuu. Walio kazini nawasalimia, na wale mvua imewafungia kwa nyumba kama mimi leo pia nawasalimia.

Hii ndio mara yangu ya kwanza kuanzisha uzi. Huwa nasoma tu za wengine nikicheka peke yangu. Sijui kama nitaiweka vizuri, shule niliachia darasa la nane. Lakini nimeamua nitaandika vile ilitokea, hata pale mimi ndio mwenye makosa. Mahali sina uhakika nitasema sina uhakika.

Mimi ni fundi wa mbao. Natengeneza vitanda na meza kando ya barabara hapa Kawangware. Nina mtoto mmoja, msichana, anaitwa Mwende, na juzi ametimiza miaka mitano.

Mwende anaishi Mashimoni, huko Kibera, na mama yake anaitwa Nduku. Mimi na Nduku hatuko pamoja. Kwa nini hatuko pamoja nitafika, msiniharakishe. Nikisema sasa mtanihukumu kabla keki haijakatwa.

Kwa mwaka mmoja hivi nimekuwa nikienda Mashimoni kila Jumapili kumwona mtoto. Nduku anauza sukuma wiki ya kukatwa hapo mlangoni kwake, kando ya barabara. Mimi nakalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, nje ya mlango, Mwende anacheza katikati yetu. Miezi miwili ya kwanza hakuwa ananisalimia. Sasa ananipanda mgongoni.

Lakini kwangu alikuwa hajawahi kulala hata siku moja. Nilikuwa nimeomba mara mbili. Jibu lilikuwa hapana, na haikuwa hapana ya hasira. Ilikuwa hapana ya mtu amefikiria.

Birthday ilipokaribia nikaomba niifanyie kwangu. Jumapili iliyofuata Nduku akaniambia hivi, bila kuacha kukata:

"Fanyia huko. Nikuje nione vile unaishi, na watu wenye unaishi nao. Hapo ndio nitajua kama anaweza kuwa analala kwako wikendi."

Wakuu, siku hiyo nilitoka Mashimoni hadi Kawangware kwa miguu na sikumbuki kutembea.

Sasa tuingie kwa theme.

Mimi hizi birthday za theme nilikuwa naziona tu kwa status za watu. Watoto wote wamevaa rangi moja, jina la mtoto limebandikwa ukutani, baluni kila kona. Kwetu Western hatukuwa na hayo. Birthday yangu mwenyewe niliijua vizuri siku ya kuchukua kitambulisho.

Nikamuuliza Mwende anataka ya nini.

Akasema harusi.

Ngojeni niwaeleze. Desemba walikuwa Machakos kwa harusi ya binamu yao, na Mwende ndiye alipewa kikapu cha maua atangulie mbele akiyamwaga. Gauni jeupe, watu wote wamesimama, yeye peke yake ndio anatembea. Tangu siku hiyo, akiona hata karatasi imechanika anaiokota, anaimwaga chini na kutembea pole pole.

Nilimuuliza mara ya pili akasema harusi. Nikamwangalia Nduku. Alikuwa ametugeuzia mgongo, anahudumia mteja, na kisu hakikusimama. Nikachukulia amesikia na amekubali. Baadaye aliniambia hakusikia kitu, na namwamini, hiyo barabara iko na kelele. Ningemuuliza. Sikumuuliza.

Basi nikajituma.

Nyumba yangu ni chumba kimoja, kwa hivyo sherehe ilibidi iwe kwa ule uwanja wa katikati ya ploti, pale tunaanika nguo. Nilipita mlango kwa mlango kuomba watu watoe nguo kwa kamba Jumamosi mchana. Hakuna mtu alikataa. Hiyo nawashukuru hadi leo.

Nikachukua vipande vya mbao vilivyobaki kwa kazi nikaunga ule mlango wa maua, ile arch ambayo maharusi hupita chini yake. Nikaizungushia pazia nyeupe ya lesi. Maua nilikata ya karatasi. Viti niliazima kanisani, vikaja na vile vitambaa vyeupe vyao. Geti nikalifunga ribon. Keki ilikuwa ya ghorofa mbili. Mimi mwenyewe nikanunua shati mpya.

Mwenye akili ashaona shida iko wapi. Mimi sikuiona.

Mtu alinisaidia sana ni Mama Shiko, jirani wa mlango wa pili. Huyu mama anapika chapati za kuuza, na ndiye chairman wa ploti yetu ingawa hakuna uchaguzi ulifanyika. Nilimwambia wazi, ni birthday ya mtoto, theme ndio harusi. Akasema sawa, sawa, akitabasamu. Akauliza mama wa mtoto atakuja na nani. Nikamwambia anakuja na ndugu yake mkubwa.

Tabasamu likaongezeka. Nikadhani anapenda watoto.

Jiwekeni kwa viatu vyake lakini. Mwanaume anaishi peke yake. Ghafla ameunga arch, amevaa shati mpya, amefunga geti ribon. Mama wa mtoto anakuja, tena ameandamana na ndugu yake kama mtu amekuja kwa maneno rasmi. Hata wewe ungejumlisha.

Sasa hapa ndio pale nilisema nitafika.

Nilipohamia hii ploti, miaka minne hivi imepita, watu waliniuliza familia iko wapi. Nikajibu, "Mke wangu alibeba mtoto akaenda."

Basi. Sikuongeza kitu. Sikuhitaji, wenyewe walimalizia. Kufikia mwisho wa wiki nilikuwa mtu ameachwa na mwanamke mbaya, na Mama Shiko alikuwa ananiletea chapati mbili kila jioni kwa huruma. Nilikula.

Ukweli ni kwamba hakuna mtu alibeba mtu. Tulikuwa tunaishi na Nduku huko Mashimoni, Mwende akiwa na miezi minane. Kazi yangu ikaisha. Nikamwambia Nduku naenda Kawangware kutafuta, nitarudi Ijumaa.

Kazi nilipata. Ijumaa sikurudi.

Ijumaa ya kwanza niliona aibu kurudi mikono mitupu. Ijumaa ya pili niliona aibu ya ile ya kwanza. Nikabadilisha laini ya simu. Ikawa miaka mitatu na kitu. Hakukuwa na mwanamke mwingine, na pombe situmii. Sisemi hivyo kujitetea, nasema kwa sababu najua mtauliza. Kungekuwa na sababu kubwa ingekuwa rahisi kueleza.

Nduku hakuwahi kunitangaza vibaya. Niliporudi nilipata watu wa Mashimoni wanajua tu kwamba nilienda kazi. Pimeni wenyewe.

(Narudi, mteja alikuwa ameniletea kiti kimevunjika mguu hadi hapa nyumbani.)

Jumamosi ikafika. Jua zuri. Watoto wa ploti wote wamevaa nyeupe, ama kitu kilichowahi kuwa nyeupe. Mimi nilikuwa kwa uwanja nikipigana na ile arch, kwa sababu ilikuwa inaegemea upande. Fundi mzima, ndio, najua.

Nikasikia kishindo cha geti kufungwa na komeo kuingia. Halafu wamama wakaanza kuimba.

Kwa wale hawajaona hii kitu: kwa harusi zetu nyingi, upande mmoja ukifika kwa wengine, wenyeji wanawafungia geti. Wageni wanaimba, wanachekwa kidogo, wanatoa kitu kidogo, geti linafunguliwa. Ni mchezo na kila mtu anajua ni mchezo.

Nje ya geti walikuwa Nduku, Mwende na kikapu chake, na Mutua, yule ndugu mkubwa. Mutua anachomelea mageti huko Kibera. Niliambiwa baadaye kwamba alipofungiwa alicheka, akaanza kukagua bawaba zetu akitingisha kichwa, na mkononi alikuwa ameshatoa noti ya kulipia kuingia. Yaani alikuwa amecheza vizuri kabisa. Hiyo lazima niseme.

Shida ilikuwa maneno ya wimbo. Mama Shiko aliyatunga mwenyewe, na wengine wakaitikia na makofi:

Aliyebeba akaenda, leo amerudisha,
geti hatufungui mpaka aseme alikuwa wapi.

Nikaacha arch nikageukia geti, nyundo mkononi.

Geti letu ni la mabati na liko na kidirisha kidogo. Mama Shiko aliweka uso pale, akacheka, akasema kwa upendo kabisa, "Karibu nyumbani, Mama Mwende. Lakini kwanza tuambie, ulikuwa umetorokea wapi na mtoto wa watu?"

Nduku hakupandisha sauti.

"Nani amesema nilitoroka?"

Wimbo haukukatika mara moja. Waliuacha mmoja mmoja, wa mwisho alikuwa mtoto bado anapiga makofi. Nikamwona Mutua kupitia kidirisha akirudisha noti mfukoni. Akasema, "Nduku, twende."

Na Mwende akauliza, "Mbona hawafungui?"

Wakuu, ningeweza kusema ni wimbo tu. Hiyo ndio ilinijia kwanza, siwadanganyi. Ningesema wamama wa ploti wanapenda mchezo, pole, ingia tukate keki. Pengine angeingia kwa sababu ya mtoto. Lakini nilijua saa hiyo kwamba akigeuka na Mutua, Mwende hatalala kwangu mpaka awe na kitambulisho. Na akiingia bila mimi kusema kitu, basi nimemwongezea miaka mingine ya kubebeshwa kitu hakubeba.

Nikaenda nikatoa komeo. Nikafungua geti lote. Nyundo bado nimeshika, kumbe, na hiyo haikusaidia.

"Mama Shiko, hakutoroka," nikasema. "Mimi ndio niliondoka. Nilimwambia narudi Ijumaa, nikakaa miaka mitatu. Leo ni birthday ya mtoto peke yake. Hajakuja kurudi kwangu, na mimi sijamwita kwa hiyo. Nyinyi niliwadanganya."

Sauti yangu ilitoka nyembamba kuliko vile nimeandika hapa. Kuna mama alikuwa amebeba trei ya soda, akaiweka chini pole pole.

Mama Shiko akanigeukia.

"Na chapati zangu ulikula."

"Nilikula."

"Miaka minne."

"Ndio."

Akaniondolea macho kama mtu amemaliza na bidhaa mbovu, akamgeukia Nduku. Akamwomba msamaha, akamwambia aliimba kile aliambiwa. Nduku akamjibu kwamba ameimba vizuri, ni maneno tu ndio yalikuwa ya mtu mwingine.

Lakini hakuingia. Alisimama pale pale kwa mstari wa geti, mkono mmoja kwa begi. Mutua alikuwa nyuma yake, ametazama barabara. Mimi nilisimama kando ili nisionekane kama nimeziba ama kama navuta. Sijui kama mtu anaweza kusimama hivyo, nilijaribu.

Huku nyuma, dada mmoja wa ploti akauliza, "Sasa bibi arusi ni nani?"

Kusema kweli sikuwa nimefikiria. Nilikuwa nimepanga harusi nzima na sikuwahi kujiuliza.

Mwende ndiye alijibu. Alikuwa ashapita katikati ya miguu ya wakubwa, yuko chini ya ile arch inayoegemea, kikapu mkononi, na ameudhika kwa sababu anacheleweshwa.

"Kwani lazima akuwe? Bibi arusi hukaa tu. Mimi ndio niko na kazi."

Akaanza kumwaga maua.

Mama Shiko alicheka kwanza, akashika ukuta. Wengine wakafuata. Na Nduku akacheka. Sijui kama alitaka kucheka, lakini nilimwona, aliweka mkono kwa mdomo ukachelewa. Kisha akaingia. Mutua akaingia nyuma yake, akafunga geti, akalijaribu mara mbili na kusema bawaba ya chini hii imeisha.

Baada ya hapo, wakuu, ilikuwa birthday kama birthday.

Mwende alipita chini ya arch kama mara kumi na tano. Karatasi zikiisha watoto wanaziokota, wanazirudisha kwa kikapu, anaanza tena. Wale wengine wakataka zamu, akawapanga laini. Arch ikaendelea kuegemea, mpaka Mutua akakosa uvumilivu akaishika. Aliishikilia alasiri yote, mkono mmoja juu, mkono mwingine sahani ya keki. Hakuniongelesha isipokuwa mara moja, kuniambia ningeweka ubao wa kukinga kwa pembe. Ni ukweli, ningeweka.

Kulisha keki, Mwende alianza na mama yake, akaja kwa mjomba wake, akaja kwa Mama Shiko, kisha mimi. Kipande changu nusu kilianguka njiani. Maji, vile watu humwagia mwenye birthday, hatukumwagia mtu. Kuna kijana alikuwa ameshachota kwa jagi, akaona vile nywele za mtoto zimesukwa na vile Nduku amemwangalia, akayanywa.

Kabla waondoke Nduku aliomba kuona nyumba.

Nilikuwa nimefagia mara tatu. Aliangalia jiko liko wapi, akaangalia dirisha kama linafunga. Kisha akaona mbao zimeegemezwa kwa ukuta nyuma ya pazia. Mbavu mbili fupi, na ubao wa kichwa nimechonga ua katikati. Vyote nimepiga msasa na vanishi.

"Hii ni ya mteja?"

"Ni kitanda cha Mwende."

"Mbona hujaunga?"

"Ulikuwa hujasema."

Nduku akainama. Alipitisha kiganja kwa ukingo wa ubao, mwanzo hadi mwisho, kutafuta kama kuna kibanzi kinaweza kuchoma mtoto. Wateja wangu hugonga tu mbao na kuuliza ni mti gani. Halafu akatoka, wakaenda jua likiwa bado liko.

Wiki hiyo sikuwa mtu. Kupiga simu niliona ni kumsukuma. Kutopiga niliona ni kama ile tabia yangu ya zamani. Nilituma ujumbe mmoja tu, asante kwa kuja, nikaacha hapo.

Kwa ploti Mama Shiko hakunisemesha siku tatu, na alikuwa na haki. Nilipita kwa wengine wale nilikumbuka nimewahi kuwadanganya, nikawaambia mmoja mmoja. Wengine walishajua, wengine hawakujali. Siku ya nne Mama Shiko alinitukana vizuri, kisha akaniuzia chapati. Kuuziwa tu nilishukuru.

Alhamisi ujumbe wa Nduku ukaingia. Nitauandika kama ulivyo:

"Mwende hali kitunguu mbichi. Umuamshe saa nne usiku akojoe. Mutua atamleta Jumamosi asubuhi. Umrudishe Jumapili saa kumi. Ukisema Jumapili iwe Jumapili."

Niliusoma nikiwa nimesimama kando ya barabara na randa mkononi. Nikafunga kazi mapema, nikaenda nyumbani nikaunga kitanda. Niliweka skrubu mara mbili ya zile zinahitajika. Hata kiboko hawezi kukitingisha.

Alilala. Saa nne nilimuamsha, akaniuliza kama ni asubuhi, nikamwambia bado, akarudi kulala. Hakuna kingine cha kusimulia, na hiyo ndio raha yake.

Jumapili nilimfikisha Mashimoni saa tisa, saa moja kabla ya ile niliambiwa. Nduku alikuwa anakata sukuma kama kawaida. Akaangalia saa kwa simu yake, akasema nimefika mapema, nikae.

Nikageuka kutafuta ndoo yangu ya rangi hapo nje. Haikuwa. Nikatafuta huku na huku.

Ilikuwa ndani, kando ya meza.

Basi wakuu, hiyo ndio yangu. Kama kuna somo, naona ni hili, mtanisahihisha. Uongo wangu ulikuwa maneno matano tu, na sikuurudia sana. Nilidhani umelala. Kumbe watu wenye roho safi walikuwa wanaulisha kwa niaba yangu, na siku ya sherehe wakautoa nje na makofi. Mama Shiko hakuwa na kosa, narudia hiyo kwa sababu najua kuna mtu ataanza kumtukana hapa.

Na kama unafanya theme ya harusi, tangazia ploti nzima mapema kwamba bibi arusi hayuko.

Sasa nisaidieni. Mwende ameshachagua theme ya mwaka ujao, ni hospitali, na ameshasema yeye ndiye daktari. Nani anafaa kuwa mgonjwa, na geti nilifunge ama niliache wazi? Mawazo yenu nayangoja. Wenye kunitukana pia karibuni, ingawa jueni Mama Shiko aliwatangulia na alimaliza maneno mazuri yote.